Moyo Una Bonde Katikati

Kijana aliingia saa kumi na mbili na nusu jioni, dirisha moja nimeshalifunga. Sisi wenye steshenari hapa Moshi tunaijua hiyo saa. Ni saa ya ratiba za mazishi. Kikao cha msiba kimeisha, ibada imepangwa kesho mchana, na kuna mtu amekabidhiwa karatasi yenye jina la marehemu, tarehe mbili, majina ya watoto na wakwe, akaambiwa akimbie mjini kabla maduka hayajafungwa.

"Dada, kurasa za ndani sina neno, panga unavyojua," alisema. "Shida yangu ni kava. Nataka mama awe ndani ya moyo."

Nyuma yake alikuwapo mzee, kofia mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa sauti ya mtu ambaye hajalala siku mbili, akakaa kwenye benchi pembeni ya mashine ya fotokopi.

Picha waliyokuja nayo ilikuwa moja tu, ya karatasi, sentimita 9 kwa 13, rangi zimeanza kugeuka chungwa kama picha nyingi za miaka ya 80. Mume na mke wamesimama mbele ya migomba kwenye harusi ya watu. Mama kavaa kitenge na kilemba kirefu, anacheka. Mume kavaa suti, mkono wake umezunguka mgongoni kwa mkewe na vidole vinne vimetokeza kwenye bega la upande wa pili. Ukingoni kuna nusu ya mtoto mwenye chupa ya soda, na kiti kitupu. Kijana aliniambia nyingine zote za mama ni za kitambulisho, na kwenye kitambulisho hakuna anayecheka.

Sasa, kuhusu moyo. Watu wanaupenda, na mimi nimeuchora mara nyingi kuliko umbo jingine lolote, lakini ni umbo gumu kwa uso mmoja. Kichwa cha mtu kwenye picha kinataka kukaa juu, katikati. Na juu katikati ndipo moyo ulipobonyea. Lile bonde linaingia moja kwa moja kwenye paji la uso, na kama mtu kavaa kilemba, kilemba kinakatwa kwa V kama kimepigwa shoka. Ukitaka kumwokoa, unamshusha chini na kumpunguza, halafu yale mabega mawili ya moyo yanabaki na migomba mitupu, na chini, moyo unapochongoka, mikono na kiuno vinabanwa. Umbo lenyewe lina nafasi ya vichwa viwili, kimoja kila upande wa bonde. Ndiyo maana maharusi wanakaa humo bila kusumbua.

Nilimweleza kijana hivyo, huku nikimwonyesha kwa kidole juu ya picha. Nikataka kusema "na hapa mko nao wawili," nikayameza maneno hayo. Huwezi kumweka mtu aliye hai kwenye kava la ratiba ya mazishi, hata kama umbo linamwita.

Mzee ndiye aliyemaliza mjadala, bila kuinua macho. "Moyo ni wa maharusi. Mwekee yai."

Yai ndilo jina letu la dukani. Vitabuni wanaliita duaradufu, lakini sijawahi kuona mteja akiingia na kuomba duaradufu.

Kazi yenyewe, kuiingiza picha ndani ya umbo, ni dakika tatu kwa anayejua. Ila kuna njia ya kuifanya ambayo ni dhambi, na naijua vizuri kwa sababu niliitenda. Nilijifunzia kwenye duka la mtu mwingine, miaka mingi iliyopita, na wiki ya pili nikapewa picha ya mteja ndani ya flashi yake: bibi amesimama na wajukuu mbele ya kanisa. Kazi ilikuwa kumtoa bibi peke yake kwenye duara. Nikashika kifutio cha Photoshop, programu ya kuhariri picha, nikafuta wajukuu, nikafuta mlango wa kanisa, nikafuta mpaka likabaki duara lenye bibi. Kisha mkono ukafanya ulichozoea: Ctrl na S, yaani hifadhi. Faili lilikuwa lilelile la kwenye flashi. Mteja aliporudi kuchukua kazi akaomba pia aoshewe ile picha nzima, saizi kubwa, kwa ajili ya ukutani. Hapakuwa na picha nzima. Wajukuu wale niliwafuta mimi, na hakuna kitufe kinachowarudisha baada ya faili kufungwa. Bosi hakunipigia kelele. Alinilipia gharama mbele ya mteja, akanikata mshahara, na toka siku hiyo kila akipita nyuma ya kiti changu alikuwa anauliza neno moja: "Umefunika au umekata?"

Kufunika ndiko kunakotakiwa. Photoshop imekuwa na leya, yaani matabaka yanayolala moja juu ya jingine, tangu toleo la 3 la mwaka 1994, na leya ndizo zinazofanya jambo hili liwezekane. Unachora umbo kwenye leya yake. Ukibonyeza U unapata zana za maumbo, unachagua ya yai, na ukishikilia Shift wakati wa kuchora yai linakuwa duara kamili. Picha inakaa kwenye leya ya juu ya umbo. Kisha, ukiwa umechagua ile ya picha, unabonyeza Ctrl, Alt na G kwa pamoja. Kamshale kadogo kanajikunja kuelekea chini pembeni ya leya, na picha inaonekana pale tu penye umbo. Wengine wanashika Alt na kubonyeza kwenye mstari kati ya leya mbili. Ni kitu kilekile.

Wanafunzi ninaowafundisha huchanganyikiwa hapo: mbona umbo liko chini ndilo linaamua cha juu? Huwa nawaambia wakumbuke kadi za shule ya msingi. Unachora moyo kwa gundi, unamwaga unga wa kung'aa karatasi nzima, unaikung'uta. Unga unabaki penye gundi tu. Umbo ni gundi, picha ni unga. Tofauti ni kwamba kwenye kompyuta ule unga mwingine haujaanguka sakafuni. Upo, hauonekani tu. Ukishika zana ya kusogeza na kuivuta picha kushoto au kulia, umbo linabaki palepale na uso unatembea ndani yake kama mtu anayepita dirishani.

Halafu wanafungua Illustrator au Inkscape, programu za kuchora, na kila kitu kinageuka. Huko umbo linakaa juu ya picha, kama kikombe unachokandamiza kwenye unga uliosukumwa ili upate biskuti za duara. Kwenye Illustrator unachagua vyote viwili, unabonyeza Ctrl na 7. Jamaa wa fulana na mabango wao wengi wako CorelDRAW, na huko inaitwa PowerClip: unachagua picha, unaita amri, unapata mshale mnene mweusi, unauchoma kwenye umbo, picha inaingia. Nikiwa mkweli, kwa urahisi PowerClip inawashinda wote. Kwa simu, Canva ina fremu zake tayari, unaburuta picha inajaa yenyewe, ukigusa mara mbili unaisogeza. Na asiyetaka kulipa wala kutumia programu ya wizi anayo GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Unachagua eneo la yai, unaongeza maski kwenye leya kutokana na ulichochagua: palipo peupe kwenye maski panaonekana, palipo peusi panafichwa. Ukikosea unapaka nyeupe, kilichofichwa kinarudi.

Hata Word inafanya. Unaiweka picha, unaenda kwenye amri ya kupunguza (Crop), unachagua kupunguza kwa umbo, basi. Katibu muhtasi yeyote anaweza. Lakini Word nayo inafunika, haikati, na hilo lina upande wake wa pili. Kuna dada alinitumia kadi ya mwaliko ya Word niichape, picha yake nzuri ndani ya duara. Nilipoigusa tu nirekebishe ukubwa, duara likafunguka na akatokea mwanaume aliyekuwa amemkumbatia, ambaye siye aliyeandikwa kwenye kadi. Nikairudisha haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha. Kabla hujamtumia mtu faili kama hilo, kuna amri ya kubana picha ambayo inakuruhusu kufuta kabisa sehemu zilizopunguzwa. Huo ndio wakati pekee ninaoruhusu kukata.

Turudi kwa mama. Kijana alikuwa ameshaipiga picha ile kwa simu na kunitumia kwa WhatsApp ili, alivyosema, anirahisishie. Nikaifungua. Upande wa mama, kuanzia ukingo wa kilemba mpaka bega, ulikuwa na upana wa pikseli, vile vimiraba vinavyounda picha, kama 400. Kava ni A5, yaani A4 iliyokunjwa, na yai nililopanga lilikuwa sentimita 9 kwa 12. Kuchapa vizuri kunataka nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo upana wa sentimita 9 unahitaji pikseli 1063. Nikilazimisha zile 400 napata nukta 113 hivi kwa inchi, na uso unapasuka, unaanza kuonyesha vimiraba mashavuni. Zaidi ya hapo WhatsApp ilikuwa imeshaibana picha. Ukitaka kumtumia mtu wa kuchapa, itume kama faili, usiitume kama picha.

Nikaomba karatasi yenyewe. Mzee aliichomoa kwenye bahasha akanikabidhi kwa mikono miwili.

Kwenye karatasi mama alikuwa na upana wa sentimita 3. Nikiskani kwa nukta 600 napata pikseli 709, hazitoshi. Kwa 1200 napata zaidi ya 1400. Nikaiweka ya 1200, mashine ikaanza kutambaa. Picha za enzi zile nyingi zilioshwa kwenye karatasi yenye vinundu vidogo kama kitambaa, na taa ya skana inavikamata vyote. Mama alitokea kana kwamba yuko nyuma ya chandarua. Nilitumia muda mwingi kuondoa kile chandarua kuliko kazi nyingine zote usiku ule: nikaiskani tena nikiwa nimeigeuza juu chini, ili mwanga uje kutoka upande wa pili, nikazilaza mbili pamoja, moja nusu uwazi juu ya nyingine. Chandarua hakiishi kabisa, ila kinalegea.

Kisha nikaigeuza picha iwe Smart Object kabla ya kugusa ukubwa wake. Hiyo ipo tangu mwaka 2005 na bado naona watu hawaitumii. Ukipunguza picha ya kawaida kisha ukaikuza tena, pikseli ulizozitupa hazirudi. Ikiwa ndani ya Smart Object unaweza kubadili mawazo mara kumi, inarudi kuchota kwenye picha asilia.

Na Shift. Jamani, Shift. Kwa miaka tulifundishwa kwamba ukikuza picha kwa Ctrl na T lazima ushikilie Shift ili isivutike. Kwenye toleo la Photoshop la 2019 wakapindua: sasa inalinda uwiano yenyewe, na ukishika Shift ndiyo unaivuruga. Nilikuwa na mashine mbili zenye matoleo mawili, na kuna bibi harusi mmoja wa Kibosho ambaye kosa la kadi zake nililigundua kwenye nakala ya kwanza, uso umepanuka kama umeonekana kwenye kijiko. Nikizungumzia kujaza umbo, hapo ndipo wengi wanapoharibu: umbo ni pana, picha ni nyembamba, mtu anaivuta picha mpaka ijae. Bora umbo libaki na pengo kuliko kumnenepesha marehemu. Familia itaona hata kama haitajua imeona nini.

Kijana alikuwa anaangalia kioo nyuma ya bega langu. Aliuliza kwa nini yai, kwa nini wazee wanapenda yai. Nilimwambia ninachojua. Picha za mwanzo kabisa, zile za bamba la fedha zilizotangazwa Paris mwaka 1839, nyingi ziliwekwa ndani ya kasha lenye fremu ya yai. Lenzi za zamani zilikuwa na ukungu na giza pembeni, na yai linaficha pembe zote nne kwa adabu. Kamera ya kwanza ya Kodak, ya mwaka 1888, ilitoa picha za duara kabisa, kipenyo cha inchi 2 na nusu. Kwa hiyo yale maduara ya WhatsApp si mapya. Hata huko picha yenyewe ni mraba, wanachofunika ni pembe, na ndiyo maana ukiandika jina la kikundi kwenye kona linaliwa. Huku kwetu, kabla ya kompyuta, mafundi walifanya haya gizani kwa kadi iliyotobolewa, wanailaza juu ya karatasi ya kuoshea ili mwanga upite kwenye tundu tu. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe, aliyesifika kwa kuunganisha picha za wateja kwa mkono. Nikiangalia kazi za namna ile najiona mvivu na Ctrl yangu.

Sijui kama kijana alisikia nusu ya hayo. Macho yake yalikuwa kwenye bega la mama.

"Dada, hivyo vidole. Si unaweza kuviondoa? Vinaonekana kama vya mtu ambaye hayupo."

Alikuwa sahihi. Ndani ya yai mume hakuonekana, vimebaki vidole vinne peke yake juu ya kitenge, na anayeangalia bila kujua angeshtuka. Na ndiyo, naweza. Kuna zana ya muhuri, unachota kitenge cha pembeni unakigonga juu ya vidole, maua yakikubali kulingana hakuna atakayejua. Nikafungua leya mpya, nikaanza na kidole kidogo.

"Unaondoa nini hapo?" Mzee alikuwa amesimama. Sikumsikia akinyanyuka.

"Mkono, mzee."

Akauangalia kwa muda. "Uache."

Nikaifuta ile leya. Kijana hakusema kitu. Tulilainisha ukingo wa yai kidogo, tukaweka zambarau nyuma, tarehe chini. Nilikuwa nimeshaumia siku nyingine kwa kuhifadhi yai kama JPEG na kuliona linatua kwenye zambarau likiwa na boksi jeupe, kwa sababu JPEG haijui uwazi; PNG ndiyo inaujua. Safari hii nilifanya kila kitu ndani ya faili moja. Nakala 200. Tulimaliza kukunja saa nne na nusu usiku, mzee naye akikunja, polepole, akibana mkunjo kwa ukucha wa dole gumba.

Miaka miwili baadaye walirudi, safari hii kijana na dada yake mkubwa, saa ileile. Karatasi ilikuwa na jina la mzee.

Huwa sifuti mafaili ya misiba. Nililitafuta kwenye diski, nikalifungua, nikashika picha nikaivuta kushoto. Mama alitoka taratibu kwenye yai, mzee akaingia: tai, kola, kidevu. Sikuhitaji kuskani wala kupima tena. Dada mkubwa alishika mdomo. Kisha uso wote ukaingia, na tukaona kwamba taa ya kamera ilimkuta amefumba macho. Miaka miwili nilikuwa nayo kwenye diski na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu siku ile nilikuwa naangalia upande mwingine. Watoto walinong'ona, wakachomoa picha ya pasipoti yenye bluu nyuma, na hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye kava. Haikuwa mbaya.

Baada ya arobaini dada mkubwa alikuja peke yake, mchana. Alitaka ile ya migomba, nzima, bila yai, saizi ya nane kwa kumi kwa ajili ya ukutani. Nikabonyeza Ctrl, Alt na G, vilevile vitatu, na picha ikafunguka ikajaa kioo: mama anacheka, mzee kafumba macho, mkono, kiti kitupu, nusu ya mtoto na soda yake.

"Huyo ni mimi," alisema, akigusa kioo.

Nikamweleza kwamba kuna tatizo dogo. Picha ya zamani ni inchi tatu na nusu kwa tano, na nane kwa kumi ni pana zaidi. Ili karatasi ijae itabidi nipunguze kidogo juu na chini, labda ncha ya kilemba na viatu.

"Haiwezekani usikate hata kidogo?"

"Haiwezekani."

"Basi usijaze."

Nikaichapa inchi saba kwa kumi, nikaacha nusu inchi nyeupe kila upande.